Karatasi za Usumbura

Anayetaka kuandika historia ya mji wa Bujumbura hulazimika kwanza kutafuta nauli. Majalada ya Wajerumani, waliojenga kambi yao ya kijeshi Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa wakati wa ukoloni, mwaka 1897, yako Berlin na Dar es Salaam. Ya Wabelgiji, walioingia Juni 1916 na kukabidhi nchi tarehe 1 Julai 1962, yako Brussels. Shajara za Mapadre Weupe ziko Roma. Nyaraka ambazo Mbelgiji Jean-Marie Derscheid alizikusanya kuhusu Ruanda-Urundi kabla ya Vita Kuu ya Pili zilipigwa filamu na zinasomwa Florida, Marekani. Maombi na malalamiko ambayo wenyeji wa nchi waliyaandikia Umoja wa Mataifa yako New York. Ndani ya Burundi kuna hifadhi ya nyaraka za taifa, na kuna maktaba ya chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1964. Lakini nyumba hizo zimezoea watafiti na watumishi wa serikali. Hazikujengwa kwa ajili ya fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi anayetaka kujua babu yake alifika mjini mwaka gani, akitoka wapi, akiitwa nani katika daftari la kodi. Mtu huyo anahitaji maktaba ya umma yenye chumba cha historia ya mji wake. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba chumba hicho kisisubiri karatasi zirudi kutoka Ulaya, na kwamba kazi yake ianzie Buyenzi.

Kwa nini Buyenzi? Kwa sababu mji huu haukuzaliwa kwenye kilima cha mwami, yaani mfalme. Historia ya Burundi hufundishwa kutoka juu kwenda chini: Muramvya, Gitega, ng'ombe, ngoma za kifalme, vita vya mwami Mwezi Gisabo. Bujumbura huingia katika simulizi hiyo kwa kuchelewa, kama kituo walichokijenga wageni kwa faida ya wageni. Ukiutazama kutoka ziwani mambo hubadilika. Ukanda huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika uliitwa Uzige, na ulikuwa na watawala na masoko yake kabla ya Mzungu yeyote kupachora kwenye ramani. Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji, Novemba 1871, kwenda kuona kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, walipokelewa Uzige na mtawala aitwaye Mukamba, na jiwe la Mugere, kusini mwa mji, bado linaonyesha mahali walipolala. Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuieneza nguvu yake hadi pande hizi, na Mwezi Gisabo akamzuia asipande milimani. Rumonge, mwambao huohuo, wamisionari watatu waliuawa Mei 1881. Biashara ya ziwa, watu wake na magomvi yake vilikuwepo zamani. Wajerumani walivikuta, wakaweka bendera juu yake.

Walipoiweka, walikuja na askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliozungumza Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa chombo cha utawala wao katika Afrika Mashariki nzima. Wengi wa watu hao walitoka Unyanyembe, Ujiji, Manyema na pwani. Mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni 1903, uliomfanya Mwezi Gisabo akubali mamlaka ya Ujerumani, ulitokana na msafara wa kijeshi ulioongozwa na Kapteni von Beringe. Lakini bila wale askari na wapagazi kapteni asingefika popote. Mwaka 1906 utawala wa kijeshi uligeuzwa kuwa wa kiraia, na mwaka 1912 Wajerumani wakahamishia makao yao Gitega. Usumbura haikufa. Ofisi ziliondoka, soko likabaki, na waliolibeba soko ni hao waliokuja kuitwa Waswahili. Hili peke yake lingetosha kuwapa nafasi katika kurasa za kwanza za historia ya mji, lakini kurasa hizo ziliandikwa na mikono mingine.

Wabelgiji waliandika sana. Nchi hii haikuwa koloni lao kwa jina, bali dhamana waliyokabidhiwa na Shirikisho la Mataifa, na mwenye dhamana hudaiwa hesabu. Kila mwaka serikali ya Brussels ilichapisha ripoti nene juu ya utawala wake wa Ruanda-Urundi na kuipeleka Geneva. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaipeleka Umoja wa Mataifa. Sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 iliiunganisha nchi na Kongo kiutawala, gavana akakaa Usumbura, na mji ukapangwa kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Mitaa ya Waafrika nayo ikapewa majina ya kiofisi. Buyenzi ilikuwa Kambi ya Waswahili, Bwiza ikaitwa Belge, na Ngagara, iliyojengwa miaka ya 1950 na ofisi ya makazi ya Waafrika, ikabaki na kifupi cha ofisi hiyo, OCAF, ambacho wazee hawajakiacha hadi leo. Ripoti zina kodi, hospitali, shule, barabara, pamba ya bonde la Rusizi na kahawa ya milimani. Zina pia dhana moja iliyowaumiza wakazi wa mitaa hiyo: kwamba Mwafrika wa kweli ni wa kilimani, chini ya chifu na mila yake, na huyu wa mjini ametoka nje ya mila, kwa hiyo ni mtu wa kuhesabiwa, kusimamiwa na, ikibidi, kushukiwa. Mwislamu anayezungumza Kiswahili alishukiwa mara mbili, na serikali iliyoogopa upepo wa kutoka Tanganyika na kanisa lililoogopa msikiti.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapojitokeza, na lina uzito. Kama karatasi hizi ziliandikwa na mtawala, kwa jicho lake na kwa maslahi yake, zina faida gani kwa mtawaliwa? Si afadhali tuzitupe, tuanze upya? Jibu langu ni kwamba karatasi ya mtawala husema zaidi ya alivyokusudia. Anapolalamika kwamba watu wa Kambi ya Waswahili wanakwepa kodi ya kichwa, anatuambia kwamba walikuwa na namna ya kuishi bila mshahara wake. Anapoandika kwamba watoto wanapelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani badala ya shule ya misheni, anatupa habari ya elimu iliyoendeshwa na wakazi wenyewe, kwa gharama zao, bila ruzuku ya serikali. Anapotaja wazee wanaosuluhisha ndoa na mirathi, anakiri, bila kujua, kwamba hao aliowaita watu wasio na mila wana sheria, mahakama na heshima. Chuki yake ni ushahidi pia, ilimradi msomaji asome na hukumu yake mwenyewe. Asiyeisoma kabisa ndiye hubaki na picha ya mkoloni kichwani, maana picha hiyo haikukaa kwenye majalada tu. Iliingia katika vitabu vya shule, katika maneno ya ofisini, katika namna Mrundi wa kilimani anavyomtazama Mrundi wa Buyenzi. Picha hiyo haiwezi kuondolewa na mtu asiyejua ilichorwa lini na nani.

Angalia miaka ya mwisho ya ukoloni, ambako ushahidi ni mwingi. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliporudi kutoka masomoni Ubelgiji hakuanzia milimani. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi hapa Usumbura, na waliomzunguka walikuwa wachuuzi na wenye maduka wa mitaa ya Waafrika, Waswahili wa Buyenzi wakiwa mbele. Wabelgiji waliutazama ushirika huo kwa jicho baya, nao ukaishia katika madeni. Lakini uhusiano uliojengwa sokoni haukufa. Ndio uliopeleka siasa ya chama chake, UPRONA, mjini, pamoja na habari za TANU na za Nyerere zilizovuka ziwa kwa Kiswahili. Katika uchaguzi wa bunge wa tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli moja ya mji huu. Burundi inamkumbuka kila mwaka, na inafanya vyema. Lakini katika kumbukumbu hiyo wale wa sokoni hupungukiwa nafasi: shujaa husimama peke yake, kana kwamba alipigiwa kura na milima mitupu.

Nani amewarudisha katika historia? Kwa sehemu kubwa ni watafiti wa ng'ambo waliokuwa na njia ya kufika kwenye karatasi. Geert Castryck aliandika tasnifu yake juu ya Waislamu wa Usumbura kuanzia 1897 hadi 1962, akaiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Ghent mwaka 2006. Ludo De Witte alitoa mwaka 2021 kitabu juu ya mauaji ya Rwagasore na mkono wa Ubelgiji, akitumia nyaraka za Ubelgiji na taarifa za wanadiplomasia wa Uingereza. Kazi hizi zinastahili shukrani. Hata hivyo, ya kwanza imeandikwa kwa Kiholanzi na ya pili inasomwa kwa Kifaransa, na mwenye nyumba ya Buyenzi anayetajwa humo hana njia ya kuijua habari yake mpaka mtu wa mbali amsimulie. Warundi wenyewe wamefanya kazi kubwa: Joseph Gahama alichapisha mwaka 1983 uchunguzi wake wa Burundi chini ya utawala wa Wabelgiji, na Émile Mworoha aliongoza kizazi kizima cha wanahistoria. Ila macho ya kizazi hicho yalielekea ufalme na nchi nzima, jambo lililokuwa na haki yake baada ya miaka mingi ya kuandikiwa na wageni. Historia ya mtaa ilibaki chini ya orodha.

Wapo watakaosema kwamba Buyenzi haihitaji karatasi kwa sababu ina wazee. Sipingi thamani ya wazee. Bila wao nusu ya mambo yasingejulikana, hasa ya wanawake, ambao karatasi za mtawala ziliwaandika kidogo. Laura Fair alipoandika juu ya Ng'ambo ya Zanzibar, katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, aliweza kutuonyesha maisha ya watu waliotoka utumwani kwa sababu alichanganya mazungumzo na wazee na majalada ya mahakama, kodi za ardhi, kanga na nyimbo za Siti binti Saad. Kimoja bila kingine kingelegea. Kumbukumbu ya mdomo hubeba maana vizuri kuliko miaka. Hukunja miongo miwili ikawa msimu mmoja, humpandisha babu cheo, humsahau mdeni. Karatasi hutia miguu ya mwaka na jina chini ya simulizi. Tena wazee huondoka. Waliokuwa na umri wa miaka 20 Rwagasore alipouawa wamevuka 80. Hoja ya wazee, ukiichukua kwa uzito wake, ni hoja ya kuharakisha, si ya kungoja.

Sasa, kwa nini maktaba ya umma na si hifadhi ya taifa? Hizi ni kazi mbili tofauti. Hifadhi ya taifa hulinda kile ambacho serikali iliandika juu ya watu: amri, hesabu, ripoti, kesi. Ni wajibu mkubwa na hauna mbadala. Lakini watu nao waliandika. Kuna vyeti vya ndoa vilivyotolewa na masheikh, hati za kiwanja, madaftari ya maduka, kadi za chama, barua za Kiswahili kutoka Kigoma, Kalemie na Uvira, ratiba za vilabu vya mpira, picha zilizopigwa studio na mhuri wa mpiga picha nyuma. Vitu hivi havina jalada la serikali la kuingia. Viko katika masanduku na makabati, chini ya vitanda, na hufa na mwenye nyumba. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtaa uliojengwa na wafanyabiashara ungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Maktaba ndiyo nyumba ambayo mtu wa kawaida huingia bila barua ya utambulisho, na ndiyo pekee inayoweza kumwambia: leta, tutanakili, utarudishiwa chako.

Nairobi inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana hata penye historia chungu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kuingia mpaka mwaka 1958, na mwaka 1962 ikakabidhiwa halmashauri ya jiji. Nyumba iliyojengwa kwa kuwafungia watu mlango ingeweza kuachwa ioze, na kwa miaka mingi ilielekea huko. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakaingia mkataba na kaunti, wakaanza kuzikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara pamoja na kushughulikia hazina ya McMillan yenyewe: kuorodhesha, kusafisha na kupiga picha za kidijitali za magazeti, picha na nyaraka zilizokaa vumbini. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hawakuanza na jengo kubwa tu. Walikwenda Eastlands, mitaa ambayo mkoloni aliijenga kwa vibarua wa Kiafrika, wakauliza wakazi maktaba iwe ya nini. Buyenzi na Bwiza ni ndugu wa Kaloleni kwa kuzaliwa.

Bujumbura nayo haianzi mikono mitupu. Ripoti za mwaka za Wabelgiji zilichapishwa, na kitabu kilichochapishwa kina nakala nyingi duniani. Kupata nakala si sawa na kudai asili. Gazeti la Temps Nouveaux d'Afrique lilitoka Usumbura miaka ya 1950, Ndongozi limeandika kwa Kirundi tangu 1940, na Le Renouveau limekuwepo tangu 1978. Hati za ziara za Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ambalo wajumbe wake walifika Ruanda-Urundi mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960, ziko wazi kwa umma, pamoja na maombi yaliyowafikia. Hapo kuna utajiri usiosemwa vya kutosha: Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulimpa mkazi wa nchi ya udhamini haki ya kumruka gavana na kulalamika moja kwa moja New York, na watu waliitumia. Kukusanya machapisho haya, kuyapanga kwa mtaa na kwa mwaka, na kuyatolea muhtasari wa Kirundi na Kiswahili ni kazi ya wakutubi wawili watatu wenye bidii. Vituo vya kusoma na utamaduni vilivyotawanyika nchini vinaweza kupokea nakala.

Najua itasemwa kwamba siku hizi kila kitu kitawekwa kwenye intaneti, kwa hiyo chumba cha nini. Ubelgiji ikipiga picha majalada yake yote na kuyaweka wazi, nitafurahi sana. Lakini jalada lililopigwa picha Brussels limepangwa kwa mantiki ya Brussels: limefuata ofisi iliyoliandika, kwa Kifaransa, na mwenye kutafuta jina la bibi yake hatalipata kwa kuandika jina la bibi yake. Anahitaji mtu wa kukaa naye mezani, anayejua kwamba mtaa ule uliitwa vile zamani na kwamba karani aliandika jina kwa masikio ya Kizungu. Umeme nao hukatika, na kifurushi cha simu hununuliwa. Picha za kidijitali ni mali ya kuletwa chumbani, hazikiondolei chumba kazi.

Pingamizi zito kuliko yote hugusa damu. Nchi iliyopitia mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza 1993, wengine watauliza, ifukue majalada ya nini? Je, orodha za majina hazikutumika kuua? Zilitumika, na ndiyo maana maktaba lazima iwe na kanuni za nini kifunguliwe lini na cha nani kifichwe kwa heshima ya walio hai. Lakini kunyamaza hakujatuliza Burundi. Mahali pa ushahidi pamekaliwa na uvumi, na kila upande umefundisha watoto wake hesabu yake ya wafu. Serikali yenyewe imekiri hivyo kwa kuipa Tume ya Ukweli na Maridhiano kazi ya kurudi nyuma hadi mwaka 1885, maana yake hadi kwenye karatasi za Wajerumani. Na Buyenzi ina ushuhuda wake katika jambo hili. Katika miaka ya vita, mitaa mingi ya mji ilipogawanywa ikabaki ya kabila moja, Waislamu wengi wa Buyenzi walikataa kugawanyika na wakawaficha watu wa pande zote mbili, ingawa damu ilimwagika huko pia Machi 1995. Ushuhuda huo unasifiwa kwa ujumla na haujaandikwa kwa nyumba, kwa avenyu, kwa majina ya waliokubali kuandikwa. Wanaosema historia huleta fitina tu wangepaswa kuanza kwa kuisoma hii.

Muda hauko upande wetu. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na pamoja na bidhaa zikaungua karatasi za wafanyabiashara. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi karibu na kiwango cha 1964, yakaingia Gatumba na mitaa ya pwani ya ziwa, na nyumba zilizozama zilizama na makabati yake. Tangu mwaka 2019 Gitega ndiyo makao makuu ya siasa, na ofisi zinapohama majalada huhama, hutupwa au husahaulika ghalani. Uongozi wa mji wa Bujumbura unaweza kutenga chumba kimoja, meza, kabati lisilopitisha unyevu na mashine ya kunakili, na kuwalipa watu wawili wanaojua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Ubelgiji, ambayo tume ya bunge lake juu ya historia ya kikoloni ilimaliza kazi mwaka 2022 bila kukubaliana hata juu ya kuomba radhi, inaweza walau kutoa nakala za majalada ya Usumbura bila malipo. Na ninyi mlio Buyenzi, Bwiza na Kabondo, msichome karatasi za marehemu mnaposafisha chumba. Andikeni nyuma ya picha majina ya waliomo, pamoja na mwaka, wakati yuko bado anayewafahamu.